Nani Amemsuka Catherine?

Luhembe, Mgeta
11 Februari 2024

Dada Kristina,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Sisi huku hatujambo, ila baridi, na ukungu unaingia hadi chumbani bila kupiga hodi. Mbuzi wa maziwa amezaa. Magreth jirani anakusalimu, katekista anakusalimu, na nyumba ya marehemu mama bado imesimama.

Najua umenuna. Tangu katikati ya Januari hunipati, na ninavyokujua umeshanizika mara tatu. Dada, simu imepikwa. Nililalamika mbele ya Baraka kwamba simu haina moto, nikatoka kwenda kufunga mbuzi. Mwanao akaipatia moto. Aliitumbukiza kwenye chungu cha maharage, akafunika, akakaa pembeni kungoja. Aliyegundua ni Catherine wakati wa kupakua: sahani ya Baraka maharage, sahani yangu simu. Nilimuuliza, "Baraka, nini hiki?" Akajibu, "Onja kwanza, mjomba."

Sina nyingine kwa sasa. Elia, dereva wa fuso la kabichi, anakuja Dodoma kila baada ya wiki mbili tatu, ndiye atakayetubebea barua. Hadithi ya simu ameshaipenda, anaisimulia kila anaposimama.

Watoto ni wazima. Catherine yuko wa tano darasa la pili. Mwalimu mkuu mpya ameruhusu wasichana wasuke badala ya kunyoa, basi amesukwa twende kilioni, amependeza, anatembea shingo imenyooka kama amebeba ndoo. Viatu vyake vilivyoachia soli vimeshonwa. Usiwe na wasiwasi na lolote, soma.

Mdogo wako,
Eustace


Dodoma
26 Februari 2024

Mdogo wangu Eustace,

Milele na milele, amina. Marahaba. Barua nimeipata, Elia aliniletea mpaka getini na kunisimulia habari ya simu kwa sauti, wanachuo wenzangu wote sasa wananiita Mama Maharage. Mimi ni mzima. Tumeanza kufundishwa sindano. Ya kwanza nimelichoma chungwa, na chungwa halikulia, kwa hiyo nimefaulu.

Sasa nijibu.

Umeandika Catherine amesukwa. Nani amemsuka? Mkono wako naujua, hujawahi kufunga gunia la njegere lisifunguke njiani. Magreth hajui kusuka, anawanyoa wanawe wote kwa kiwembe kimoja. Na viatu, nani ameshona? Umeandika "vimeshonwa", "amesukwa". Vimejishona? Ninyi wawili mlikuwa mnaniandikia hivyo hivyo wewe na marehemu mama mlipokuwa mmevunja kitu.

Tena umesema nisiwe na wasiwasi na lolote. Tangu lini wewe ukaniambia hivyo bila kuwa na la kunificha?

Mwambie Baraka mama amecheka sana. Usimwambie nimelia pia.

Dada yako,
Kristina


Luhembe
17 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu, tuko salama. Mvua imeanza, kabichi zinavimba, na njia ya kushuka inateleza kama sabuni.

Mwanao amefanya ubatizo. Nimemkuta nyuma ya jiko na ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, amemshika mwanambuzi, anammwagia kichwani huku Catherine ameshika mshumaa ambao haujawashwa. Wamempa jina la katekista. Sasa kila nikimwita mbuzi, katekista anaitika kutoka ng'ambo ya korongo. Nimemwomba radhi. Amesema mbuzi akikua atamfundisha komunyo.

Halafu Baraka amemeza kifungo cha shati langu la Jumapili. Siku mbili nimekuwa nikikagua mambo ambayo mjomba hapaswi kukagua. Siku ya tatu kilitoka. Catherine alikiosha kwa majivu akanishonea mahali pake, na mimi Jumapili nilisimama kanisani nimekivaa kifuani, watu wakinipa mkono wa amani bila kujua.

Catherine ana shule yake kwenye baraza. Mwanafunzi ni mmoja, Baraka, na amemkaririsha darasa mara tatu kwa sababu ya kiburi.

Kuhusu nywele: dada, kuna watu wengi wanaojua kusuka duniani. Viatu alishona fundi. Paa la jiko lilikuwa linavuja, nikamleta fundi, akaona na viatu, akavishona. Ndiyo hivyo tu.

Eustace


Dodoma
30 Machi 2024, Jumamosi Kuu

Eustace,

Heri ya Pasaka ya kesho. Mimi nitasali hapa chuoni. Nimewanunulia watoto soksi, Elia akipita nitampa.

Nimecheka habari ya kifungo mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akauliza kuna nini. Lakini baada ya kucheka nimesoma tena, na tena.

Magreth alinipigia Jumatano. Alipanda mpaka kwenye kilima cha kanisa ndipo akapata mtandao. Nikamuuliza watoto wakoje. Akasema, "Wamenenepa, mama, na yule mgeni wenu anawapenda kweli." Nikauliza mgeni gani. Akaanza kuniuliza hali ya hewa ya Dodoma. Nikasema, "Magreth, mgeni gani?" Akasema, "Ngoja, upepo," simu ikakatika, na tangu hapo haipokelewi. Kwenye kilima kile hakuna upepo wa kumzuia mtu kusema jina.

Kama umeleta mchumba, niambie. Una miaka ishirini na sita, sina ugomvi na mchumba. Hata nitafurahi, mradi anajua kupika kitu ambacho si simu. Lakini sikiliza masharti. Asilale kwenye kitanda changu. Asimpeleke Catherine mtoni asubuhi na baridi. Na kama amemwambia Baraka amwite mama, basi nitaacha chuo kesho yake, nitakuja kwa miguu.

Jina lake ni nani? Kwao ni wapi? Anasuka vizuri, hilo nimeshakubali.

Kristina


Luhembe
12 Mei 2024

Dada mpendwa,

Shikamoo. Najua ni wiki sita. Barabara iliporomoka pale kwenye kona kubwa, fuso la Elia lilikwama Morogoro mwezi mzima, na kabichi zetu tumewalisha mbuzi. Barua yako ya Pasaka imenifikia juzi, pamoja na soksi. Baraka amezivaa mikononi.

Mchumba sina. Naapa kwa kaburi la mama. Hakuna mwanamke aliyelala kwenye nyumba hii. Magreth ni mtu wa maneno mengi.

Fundi bado yuko, kwa sababu baada ya paa kuna ukuta wa banda, na baada ya ukuta kuna ngazi za shamba zilizobomolewa na mvua. Halali hapa, amepanga chumba kule kwenye gulio. Anakuja asubuhi, anaondoka jua likielekea kuzama. Nakuandikia jambo moja nililosikia, kwa sababu limenikaa.

Baraka alikuwa anamshikia misumari. Akamuuliza, "Fundi, una watoto?"

"Ninao wawili."

"Wanakula kabichi?"

"Sijui."

"Hujui? Wewe baba gani?"

Fundi akashuka kwenye ngazi, akaenda kunawa uso. Baraka akanifuata akaniambia, "Mjomba, nadhani nimemkosea fundi, nimpe yai langu." Na alimpa. Yai zima, dada, Baraka yule yule anayelia dada yake akipewa kijiko chenye mpini mrefu zaidi.

Catherine amekuandikia mwenyewe. Karatasi ameifunga kwa ugali ili nisiione, nami sijaifungua.

Eustace


(Karatasi ya daftari la mistari, imekunjwa mara nne)

Mama shikamoo. Mimi sijambo. Baraka hajambo ila ni mkaidi. Tunda damu lako nililokuwekea limeoza nikaweka jingine nalo limeoza. Fundi ananisuka vizuri haumizi. Anaanzia nyuma ya sikio la kushoto halafu anazunguka. Mjomba hajui kama nimekuandikia fundi. Rudi. Ni mimi Catherine.


Dodoma
21 Mei 2024

Eustace,

Sitakusalimu.

Nilikuwa natafuta mwanamke. Miezi mitatu namtafuta mwanamke nyumbani kwangu, kumbe nilipaswa kutafuta mwanamume. Katika milima hiyo yote kuna mtu mmoja tu anayeanza kusuka nyuma ya sikio la kushoto, na alijifunza kwa dada zake, na kichwa alichokuwa anakisuka kilikuwa changu, nilipokuwa na mimba ya Catherine na mikono imevimba.

Jina lake sitaki kuliandika.

Ulikuwepo, Eustace. Ulikuwepo alipotuaga Machi mwaka juzi, eti anakwenda Dumila kufanya biashara ya vitunguu mwezi mmoja. Ulikuwa masomoni Morogoro mwezi uliofuata Baraka alipopata degedege, lakini niliposhuka na mtoto mgongoni, peke yangu, mvua inanyesha, nikiongea naye saa sita nzima ili nisikie kama bado ananijibu, ni wewe uliyenipokea stendi. Ulinivua viatu. Uliona nyayo zangu. Na mtu huyo umemfungulia mlango?

Jambo jingine. Catherine alikuwa na miaka mitano alipoondoka. Mtoto wa miaka mitano hasahau uso wa baba yake. Umemfundisha nini? Umemwambia amwite fundi ili nisijue? Umewafundisha wanangu kunidanganya?

Jibu yote. Usinisimulie habari za mbuzi.

Kristina


Luhembe
3 Juni 2024

Dada,

Ni kweli. Ni Stephano.

Alikuja tarehe tatu Februari. Nilikuwa napalilia, nikamwona amesimama chini ya shamba, amekonda, hajathubutu kupita mpaka. Nilishika jembe. Sikulishika kwa kulima.

Nikamuuliza, "Umefuata nini?" Akasema, "Baraka yu hai?"

Dada, kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Mwaka ule, wiki moja baada ya wewe kushuka na mtoto, mtu mmoja wa huku alimwambia kule Dumila kwamba mtoto wa Kristina amefia njiani. Alichanganya na mtoto wa kitongoji cha juu aliyefariki wiki ile ile. Stephano akaamini. Miaka miwili akajua ana mtoto mmoja na kaburi moja. Mwezi wa kwanza mwaka huu Elia alisimama Dumila kula, akaanza kusimulia habari ya mtoto wa Mgeta aliyepika simu. Watu wakacheka. Stephano akauliza mtoto wa nani. Elia akasema, "Baraka wa Kristina, wa Luhembe." Elia anasema Stephano alidondosha bakuli.

Nikamwambia aondoke. Akasema ataondoka, ila amwone kwanza, hata kwa mbali. Wakati tunabishana Baraka akatokea, amevaa sufuria kichwani, akamwangalia akasema, "Wewe ni fundi? Jiko letu linavuja." Sikumfundisha, dada, wala Stephano hakujiita hivyo. Jina alilitoa Baraka. Na mimi nikanyamaza. Kosa langu ni hilo, nilinyamaza siku ile, halafu kila siku iliyofuata ikawa ngumu zaidi kusema.

Catherine sikumfundisha neno. Siku ya kwanza alimtazama kwa muda mrefu, nikangoja aseme. Hakusema. Akachukua kitana akampa, akakaa chini mbele yake. Nilidhani amemsahau.

Unaniuliza kwa nini. Kwetu watoto ni wa lukolo, ukoo wa mama, na mimi mjomba ndiye nitakayeulizwa juu yao. Nilijiona nina haki ya kuamua. Lakini sikuamua, niliogopa tu, kwa kuwa nilimwona Baraka anacheka kwa namna ambayo mimi simchekeshi. Hiyo ndiyo sababu, na ni ndogo, najua.

Sijamruhusu aingie ndani. Chai anakunywa nje. Ukisema aondoke, ataondoka kesho. Yeye mwenyewe ameniambia nikuandikie hivyo.

Nisamehe, au usinisamehe, ila njoo likizo.

Eustace


Dodoma
11 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Milele na milele, amina. Likizo imekwisha, nimefika salama, wodi tumeanza, na jana nimemchoma sindano mzee wa kweli aliyesema mkono wangu ni mwepesi. Zile njegere ulizonifungia nimegawana na wenzangu.

Nilipoondoka hatukuzungumza vizuri. Ulinishikia begi mpaka kwenye fuso na mimi nikakuambia "haya" tu. Kinywa kilikuwa kimejaa mengi. Ngoja niyaandike.

Ile siku ulipotuacha mimi na Stephano barazani ukajifanya umepotelewa na mbuzi, nilimuuliza swali moja. Sikumuuliza kwa nini aliondoka, hilo lilishakufa. Nilimuuliza, "Uliposikia mtoto wako amekufa, ulifanya nini?"

Akasema, "Nilikaa."

"Ulikaa?"

"Nilikaa juu ya gunia la vitunguu kutwa nzima. Niliona nikisimama nitatakiwa kuja. Na nikija nitakutazama."

Eustace, watu wote wananiambia nimhurumie kwa sababu alidhani mtoto amekufa. Mimi ndilo hasa linalonichoma. Kama angejua mtoto ni mzima akakaa kimya, ningesema ni mhuni. Lakini alijua nimefiwa, akaniacha nilie peke yangu. Kwamba sikuwa na msiba haibadilishi kitu, maana yeye aliamini ninao. Nikamwambia hivyo. Hakujitetea. Alisema, "Ndiyo." Ningependa angejitetea, ningepata mahali pa kupiga.

Wewe pia nilikukasirikia, na bado kidogo. Si kwa kumfungulia. Ni kwa kuniandikia habari za vifungo ukiwa umeshika jambo kubwa hivyo nyuma ya mgongo. Nilicheka na barua zako huku nikizikagua kama polisi. Usinifanye tena nizisome hivyo. Barua zenu ndizo zinazonilisha huku.

Sasa jambo ambalo hukulisikia. Siku moja kabla ya safari nilimpeleka Catherine mtoni kufua. Anafua kama bibi yake, anaongea na nguo. Nikamuuliza taratibu, "Kati, fundi ni nani?"

Akaendelea kusugua. "Ni fundi."

"Mimi mama yako. Fundi ni nani?"

Akaangalia juu kama kuna mtu njiani. Halafu akasema, "Ni baba. Nilimjua siku ya kwanza."

"Mbona hukumwita?"

"Kabla hajaondoka nilikuwa namwita baba. Nikaona nimwite fundi. Fundi anakaa mpaka kazi iishe."

Akaniambia usiku huo huo nisimwambie mtu, hata Baraka, kwa sababu Baraka ana mdomo. Na akaniambia kuwa ule ukuta wa banda, mawe mawili ya chini alikuwa anayatoa yeye, kila siku ya Jumamosi, ili kazi isiishe.

Eustace, nimeamua hivi, na uamuzi ni wangu. Nyumbani kwangu hatalala. Mume wangu sijui kama atakuwa tena, hilo nisiulizwe na katekista wala wewe. Lakini asikae nje kama mwombaji. Apite mlangoni, akae kwenye kigoda, anywe chai na wanawe. Kitongoji kizima kimwone. Asiende popote bila kuwaaga watoto kwa mdomo wake na kuwaambia siku ya kurudi.

Maneno ya Catherine usimwambie Stephano. Mtoto asilazimishwe kumwita, wala asikatazwe. Na wewe usiwe unamchokoza. Siku atakayomwita mwenyewe, niandikie siku hiyo hiyo, usinifiche hata saa moja.

Dada yako,
Kristina


Luhembe
22 Septemba 2024, saa saba mchana

Dada,

Shikamoo. Salamu nyingine zote baadaye, Elia ameshawasha gari na ananipigia honi.

Tumetoka kanisani. Stephano alikuwa anamwagilia mbegu za karoti kule juu, mimi nakata majani. Watoto walikuwa kwenye baraza wanagombana, Catherine anataka Baraka arudi darasani, Baraka anasema ameacha shule, anaoa. Catherine akamvuta sikio. Baraka akampiga kwa mwiko. Tukasikia mayowe, halafu sauti ya Catherine, kubwa, mpaka ng'ambo ya korongo:

"Baba! Baba, Baraka ananipiga!"

Stephano akageuka kutazama nyuma yake, kama kuna mwingine anayeitwa. Hapakuwa na mtu. Akasimama pale, kopo la maji linamwagika lote juu ya viatu vyake, hasogei, nami nikaanza kuogopa.

Catherine akaita tena, sasa kwa hasira, kama anavyokuita wewe akiwa na haki: "Baba, si nakuita!"

Stephano akashuka mbio. Amekanyaga tuta langu zima la karoti.